Mbari na Uwezo wa Mhusika katika Michezo ya Video ya Wachezaji Wengi: Tathmini kutoka Chwele

Utangulizi

Uhusika ni miongoni mwa vipengele ambavyo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamevishughulikia kwa kina. Wahusika wa riwaya, wa tamthilia, wa tenzi na wa ngano wamechambuliwa na kuainishwa kuwa bapa na duara, wakuu na wadogo. Mhusika wa mchezo wa video bado hajapata wahakiki wengi, ingawa huenda vijana wanamfahamu kuliko wanavyomfahamu mhusika wa kitabu cha kutahiniwa. Makala haya yanamchunguza mhusika huyo kwa kuuliza swali moja: je, katika mchezo unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, inafaa mbari ya mhusika iamue uwezo wake?

Kwa asiyeifahamu michezo hii, maelezo mafupi yanahitajika. Katika mingi ya michezo ya aina hii, mchezaji huanza kwa kumuumba mhusika wake. Humchagulia jina, jinsia, kazi na mbari. Mbari huwa binadamu, elfi, orki, kibeti, jitu na kadhalika. Pamoja na mbari huja nyongeza: huyu huzaliwa na nguvu zaidi, yule na wepesi, mwingine na akili. Kisha mchezaji huingia katika ulimwengu wa mchezo na kukutana na wenzake, mmoja akiwa Nairobi, mwingine Seoul au Chicago, wakashirikiana au wakapigana kwa viwango walivyopewa siku ya kuumbwa.

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mbali na Chwele, lakini sivyo. Chwele ni mji wa soko katika eneo la Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, chini ya miteremko ya Mlima Elgon. Soko lake la wazi ni miongoni mwa makubwa zaidi magharibi mwa Kenya. Vitunguu, viazi, kabeji na mahindi hukutana hapo, na pamoja na mazao hukutana Wabukusu, Wasabaoti, Watachoni, Wateso na wengineo. Kumkadiria mtu kwa kabila lake ni mazungumzo ya kawaida katika masoko ya Kenya: hawa wamezaliwa na mbio, wale na biashara, wengine na jembe, wengine na ukali. Mchezo wa video haukuileta fikra hiyo. Uliikuta imekwisha keti sokoni. Kijana anayetoka kwenye mazungumzo hayo na kushika simu yake hukuta kanuni ileile, safari hii ikiwa imeandikwa kwa tarakimu na kutekelezwa na mashine isiyokubali ubishi.

Msimamo wa makala haya ni kwamba maumbile ya kiumbe yanaweza kuruhusiwa kuathiri uwezo wake, ila uwezo ambao viumbe huupata kwa kufunzwa haufai kufungwa kwenye kuzaliwa. Aidha, makosa mengi huanza mapema zaidi, yaani katika jina ambalo kitu hicho hupewa.

Mbari, kabila, rangi au spishi?

Neno linalotumiwa na waundaji wa michezo ya Kiingereza lina angalau tarjuma nne katika Kiswahili, na kila moja huja na mzigo wake. Rangi ndiyo iliyozoeleka zaidi. Ubaguzi wa rangi ni istilahi inayofahamika hata kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Hata hivyo, orki hatofautiani na elfi kwa ngozi tu. Ana meno mengine, umri mwingine wa kuishi na hata mbingu nyingine. Kabila nalo humrudisha mchezaji wa Bungoma nyumbani moja kwa moja. Akiambiwa achague kabila la mhusika na kila kabila lina kiwango chake cha akili, hataona elfi wala orki, ataona jirani.

Mbari ni neno lenye historia nzito zaidi. Kamusi za Kiswahili hulifasiri kwa maana ya ukoo au kizazi, maana ambayo haina ubaya wowote. Lakini baada ya maafa ya Rwanda ya mwaka 1994, istilahi ya mauaji ya kimbari ilienea katika vyombo vya habari na katika nyaraka za kisheria, na tangu hapo neno hilo halisikiki tena kama lilivyosikika awali. Anayeliweka kwenye menyu ya mchezo wa burudani anapaswa kujua analoliweka. Spishi, kwa upande wake, ni istilahi ya kibayolojia. Haina utamu masikioni, lakini ina faida moja kubwa: hakuna Mkenya anayemwita jirani yake wa spishi nyingine.

Mfano mmoja unaonyesha hatari ya uteuzi wa maneno kuliko mingine yote. Katika michezo hii kuna kiumbe mfupi, mwenye ndevu, mchimba migodi na mfua vyuma. Mfasiri anayefanya haraka atamwita mbilikimo. Neno hilo, ambalo wengi hulifasiri kuwa ni mtu wa vipimo viwili, limetumika kwa muda mrefu kuwaita Wambuti wa msitu wa Ituri na Watwa wa eneo la Maziwa Makuu, watu halisi wenye majina yao wenyewe. Mfasiri huyo atakuwa amewachukua watu walioko mashariki mwa Kongo, akawapa nyongeza ya ustahimilivu, akawanyima wepesi, na kuwaweka katika orodha moja na majitu na mazimwi. Mwandishi wa awali hakuwakusudia. Ni tafsiri pekee iliyowaingiza mchezoni. Kibeti nalo lina kasoro, kwa kuwa huwataja watu wenye kimo kifupi ambao wamekwisha kebehiwa vya kutosha, lakini angalau halina kijiji wala msitu wake. Makala haya yanalitumia kwa shingo upande.

Kwa sababu hizo, wanafunzi watakaojishughulisha na tafsiri ya michezo, na soko hilo litakuja, wangefanya vyema kutumia aina ya kiumbe au spishi. Mbari limebakizwa katika makala haya kwa kuwa ndilo linalobeba swali lenyewe.

Kanuni ilivyozaliwa na ilivyobadilika

Kanuni ya kuifunga mbari na uwezo ilirithiwa na kompyuta kutoka mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Katika toleo la kitabu cha wachezaji la mwaka 1978, mbari iliamua mengi. Mbari kadhaa zilizuiwa kupanda zaidi ya ngazi fulani katika kazi fulani, na hata mhusika wa kike aliwekewa ukomo wa nguvu ulio chini ya ule wa mwanamume. Vizuizi vya ngazi viliondolewa katika toleo la mwaka 2000, ila nyongeza zilibaki. Kwa mujibu wa toleo la mwaka 2014, nusu orki alizaliwa na nyongeza ya 2 katika nguvu na 1 katika ustahimilivu. Kitabu kingine cha mwaka 2016 kilikwenda mbali zaidi. Kilimpa orki kamili upungufu wa 2 katika akili. Ikumbukwe kwamba huyo si mhusika mmoja mjinga, ambaye fasihi yoyote inaruhusiwa kuwa naye. Ni kizazi kizima kilichoamuliwa kuwa kijinga kabla mhusika yeyote hajafungua kinywa.

Upungufu huo wa akili uliondolewa mwaka 2020, na mwishoni mwa mwaka huohuo kikatolewa kitabu kilichowaruhusu wachezaji kuhamisha nyongeza kutoka sifa moja hadi nyingine bila kujali mbari. Toleo la mwaka 2024 lilikamilisha safari hiyo. Neno la zamani lilifutwa na spishi ikachukua nafasi yake, na nyongeza za nguvu, akili na sifa nyingine zikahamishiwa kwenye malezi ya mhusika, yaani kama alikuwa mkulima, askari, karani au baharia kabla ya kuanza safari. Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2023 na unaoweza kuchezwa na watu kadhaa kwa pamoja, ulikuwa umekwisha kuifuata njia hiyo kwa sehemu. Humo elfi bado anaona gizani, lakini mchezaji huweka nyongeza zake za nguvu au akili popote apendapo.

World of Warcraft, uliotolewa mwaka 2004, ni mfano wa aina nyingine, nao unaonyesha yanayotokea wachezaji wengi wanapokutana. Katika mchezo huo taureni, kiumbe mwenye kichwa cha ng'ombe, alipewa afya zaidi kwa asilimia 5. Orki alikuwa mgumu kuduwazwa. Mfu anayetembea aliweza kujinasua na hofu. Tofauti hizo zilivumilika. Mwaka 2008 binadamu alipewa uwezo wa kujikwamua na chochote kinachomfunga. Wengine walipata uwezo kama huo kwa kuvaa kifaa maalumu, nacho kilijaza nafasi moja ya vifaa vyao. Binadamu, kwa kuwa alizaliwa na uwezo huo, aliijaza nafasi hiyo kwa kifaa kingine cha kumwongezea nguvu. Matokeo yalikuwa ya kutabirika: wachezaji wa mapambano walimiminika kuwa binadamu. Baadaye waundaji walilazimika kuupunguza uwezo huo hadi ukabaki kuondoa kuduwazwa tu.

Jambo la kuzingatia zaidi lilitokea mwaka 2009. Kampuni hiyo ilianza kuwauzia wachezaji huduma ya kubadilisha mbari ya mhusika kwa fedha halisi. Mchezaji aliyegundua kwamba amezaliwa vibaya alilipa na kuzaliwa upya, akiendelea na vyeo na vifaa vyake. Hapa ndipo mchezo unapoachana kabisa na ulimwengu. Ubaguzi wa kuzaliwa huumiza kwa sababu hauna mlango wa kutokea, na mchezo unaouza mlango huo umeugeuza kuwa bidhaa. Mwenye fedha hubadilika. Asiye nazo hubaki na mbari yake, kama ilivyo kwingineko.

Utetezi wa ngano

Wapo wanaotetea kanuni ya mbari, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema kwamba wahusika wakilingana kwa kila kitu, uchaguzi unakuwa wa mavazi tu. Mfano wao ni PUBG Mobile, mchezo wa mwaka 2018, ambamo sura na rangi ya mhusika hazibadilishi lolote na risasi humpata kila mmoja sawasawa. Mchezo huo una haki, wanakiri, lakini hauna simulizi. Isitoshe, wanaongeza, fasihi simulizi yenyewe hugawa uwezo kwa aina ya kiumbe. Fisi ni mlafi, Kobe ni mpole wa mwendo, Sungura ni mjanja, na hakuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba Fisi ameonewa.

Hoja hii inahitaji kujibiwa kwa makini na wanafunzi wa fasihi, kwa kuwa imejengwa katika uwanja wao. Ni kweli kwamba ngano huanza na maumbile. Tembo ni mkubwa, Kobe ni wa polepole. Lakini ngano nyingi zinazopendwa zipo ili kuyavunja matarajio hayo. Kobe hushinda mbio. Sungura, mdogo kuliko wote, huwachezesha Tembo na Kiboko kuvutana kwa kamba moja, kila mmoja akidhani anavutana naye. Msimulizi anapotaja mwili wa mnyama huwa anaweka mzani mahali ambapo ataupindua. Kama ngano ya Kobe ingeandikwa kwa kanuni za kompyuta, Kobe angepewa mwendo wa 1, Sungura mwendo wa 9, na hadithi ingeishia hapo.

Kuna tofauti ya pili. Hadhira ya ngano haiishi na Fisi anayezungumza. Mtoto wa Chwele hakai darasani na Kobe, wala hatarajii kununua vitunguu kutoka kwa linani, zimwi la masimulizi ya Kibukusu. Orki na taureni wa michezo hii, kinyume na hao, wametengenezwa kwa vipande vya watu. Taureni wa World of Warcraft ana mahema, manyoya na ngoma zinazofanana na za wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini; troli wa mchezo huohuo huzungumza kwa lafudhi ya Karibiani. Kiumbe akishavikwa lafudhi na ngoma za watu halisi, nyongeza na upungufu wake huacha kuwa mambo ya kubuni tu. Hapo ndipo mfano wa Fisi unapokosa nguvu.

Hali hiyo huonekana hata mahali ambapo hakuna orki. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliochunguza watangazaji wa mechi 80 za ligi 4 kubwa za Ulaya. Ilibainika kwamba watangazaji walipozungumzia nguvu za mwili, uwezekano wa kuwa wanamzungumzia mchezaji mwenye ngozi nyeusi ulikuwa mara 6.59 zaidi, kwa mbio, ulikuwa mara 3.38 zaidi. Sifa za akili na bidii zilielekezwa zaidi kwa wenye ngozi nyeupe. Hakuna mtangazaji aliyepewa kitabu cha kanuni kinachosema hivyo. Walikuwa na kitabu hicho kichwani.

Ushahidi wa mlima

Ikiwa kuna mahali ambapo kanuni ya mbari ingeonekana kuthibitika, ni kwenye mlima unaotazamana na Chwele. Wasabaoti ni sehemu ya jamii pana ya Wakalenjin, na Elgon imetoa wakimbiaji wa kutajika. Edith Masai alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi za nyika miaka 3 mfululizo, 2002 hadi 2004. Linet Masai alishinda mita 10,000 huko Berlin mwaka 2009. Upande wa Uganda, Kapchorwa ilimtoa Stephen Kiprotich, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya mwaka 2012, na mlima huohuo ukamtoa Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 jijini Paris mwaka 2024. Muundaji wa mchezo akiiona orodha hiyo, ataandika haraka: Msabaoti, nyongeza ya 2 katika mbio.

Tumtazame mmoja wao kwa utulivu zaidi. Ben Jipcho alizaliwa Mlima Elgon mwaka 1943 na kufariki mwaka 2020. Mwaka 1973 alivunja rekodi ya dunia ya mbio za kuruka viunzi na maji, na mwaka uliofuata akapata dhahabu 2 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch. Lakini mbio zinazokumbukwa na wengi ni zile ambazo hakushinda. Katika fainali ya mita 1,500 jijini Mexico mwaka 1968, Jipcho alitangulia kwa kasi kubwa isiyo ya kawaida ili kumchosha Mmarekani Jim Ryun, kisha akaachwa nyuma huku Kipchoge Keino akinyakua dhahabu. Alimaliza wa 10. Tarakimu ya mbio haiwezi kulieleza tendo hilo. Lilikuwa mpango, uelewano, na utayari wa kupoteza; sifa ambazo mchezo wa wachezaji wengi huzihitaji kuliko zote, na ambazo hazina nafasi katika safu ya nyongeza za mbari.

Wanaotafuta sababu za ushindi wa wakimbiaji wa nyanda za juu wametaja mwinuko wa nchi, lishe, mashindano ya shule, kambi za mazoezi, mfano wa waliotangulia na matumaini ya fedha. Hakuna aliyeonyesha jeni moja inayoeleza yote. Aidha, historia imejaa watu wanaoiharibu kanuni. Samuel Wanjiru, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya wanaume katika Olimpiki mwaka 2008, alikuwa Mkikuyu wa Nyahururu. Julius Yego ni Mkalenjin wa Nandi ambaye, kwa kanuni ya mchezo, angeonekana kupoteza nyongeza yake kwa kuchagua mkuki. Alijifunza kwa kutazama video kwenye intaneti, na mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia kwa mtupo wa mita 92.72. Ferdinand Omanyala, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, alitoka katika raga akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, rekodi ya Afrika, katika nchi iliyokwisha ambiwa na dunia nzima kwamba yake ni masafa marefu. Mchezo uliofungwa kwa mbari usingemruhusu Yego wala Omanyala, au ungewaruhusu kama wachezaji wasiojua kuchagua.

Kuna upande mwingine wa mlima ambao hauwezi kurukwa. Kati ya mwaka 2006 na 2008, mgogoro wa ardhi ya makazi ya Chepyuk ulizaa mapigano yaliyoua mamia ya watu na kuwafukuza maelfu makwao, wengi wakateremkia nyanda za chini za Bungoma. Operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008 nayo iliacha malalamiko mazito ya mateso. Waliotazama kwa mbali waliyaita mapigano ya kikabila. Ukweli ni kwamba mvutano wa msingi ulikuwa kati ya matawi mawili ya Wasabaoti wenyewe, Soy na Mosop, juu ya nani apate shamba. Kanuni inayosoma asili ya mtu ili kutabiri matendo yake ilishindwa kusoma hata mgogoro uliokuwa mbele yake.

Rika badala ya mbari

Endapo uwezo hautafungwa kwenye mbari, utafungwa wapi? Jibu moja limo katika utamaduni wa eneo hili lenyewe. Wabukusu huwatahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa 2, na anayetahiriwa huingia katika rika. Marika yako 8 na huzunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Wakalenjin nao wana Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Msomaji hahitaji isimu linganishi ya hali ya juu kuona kwamba 7 kati ya 8 ni majina yaleyale yaliyovuka mpaka wa lugha mbili zisizo za familia moja, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiniloti. Mvulana wa Kibukusu wa Maina na mvulana wa Kisabaoti wa Maina wamezaliwa katika makabila mawili, lakini wana daraja lenye jina moja.

Rika ni mfano bora kwa muundaji wa mchezo. Halitolewi na damu. Hupatikana kwa kupita jambo gumu mbele ya mashahidi, huja na wajibu kabla ya kuja na heshima, na huwaunganisha walioumia pamoja. Mchezo ungeweza kumpa mhusika uwezo kwa rika aliloingia, kwa fundi aliyemfunza au kwa jaribio alilovuka, na tofauti kati ya wahusika zingebaki nyingi vilevile. Hofu ya watetezi wa mbari kwamba usawa huleta uchovu ingekosa msingi. Free Fire, mchezo wa simu ulioanza mwaka 2017, tayari unaelekea huko kwa namna yake: Kelly hukimbia haraka kwa sababu simulizi yake inamtaja kuwa mwanariadha wa shule, na stadi yake inaweza kuchukuliwa na mhusika mwingine aliyeistahili. Age of Empires II nao, katika nyongeza yake ya mwaka 2015 iliyohusu Afrika, uliwafanya wapiga upinde wa Waethiopia kurusha mishale haraka zaidi kwa asilimia 18. Huo ni uwezo wa jeshi lenye mafunzo na historia, ingawa mstari kati ya historia ya taifa na damu ya taifa ni mwembamba, na mchezo huo haujishughulishi kumweleza mchezaji ni upi kati ya hayo mawili anaopewa.

Haifai, hata hivyo, kuupaka utamaduni rangi isiyo yake. Miongoni mwa Wabukusu, kazi ya ngariba huaminiwa kurithiwa katika familia kupitia mizimu ya ukoo, wala hawezi kujitokeza mtu yeyote na kisu. Huo ni uwezo wa kuzaliwa, na mtetezi wa mbari ana haki ya kuutaja. Lakini hata mrithi huyo hukaa chini ya ngariba mkubwa na kujifunza kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtoto wa mtu. Ukoo humfungulia mlango. Mkono wake hufunzwa.

Masimulizi ya Mango, shujaa wa Kibukusu, yanaliweka jambo hili wazi kuliko nadharia yoyote. Joka lililokuwa likila watu na mifugo liliishi pangoni. Majirani wa asili ya Kikalenjin, ambao Wabukusu huwaita Barwa, walimdhihaki Mango, mwana wa Bwayo, kwamba hana ushujaa wa kutahiriwa. Yeye alisubiri joka litoke, akaingia pangoni, akajificha na silaha yake hadi liliporudi na kuingiza kichwa. Baada ya kuliua alidai atahiriwe, na katika masimulizi mengi hao hao waliomdhihaki ndio waliomtahiri. Kutoka hapo ndipo desturi hiyo inasemekana kurejea kwa Wabukusu, pamoja na wimbo wa jando unaoimbwa hadi leo. Muundaji atakayetaka kuigeuza simulizi hiyo kuwa mchezo atalazimika kuamua alama aziweke wapi. Hawezi kuziweka kwenye Ubukusu wa Mango, kwa kuwa Wabukusu wengine walikuwa wamelikimbia joka hilo. Anaweza kuziweka kwenye subira yake, kwenye silaha, kwenye kulijua pango. Na akifika hatua ya mwisho, ya kisu, atakuta kwamba haiwezi kuchezwa na mtu mmoja wala na jamii moja. Lazima mchezaji mwingine awe ameingia, kutoka upande wa pili wa mlima.